Tafakari ya Juma: Huo si Utani



Katika mahafali ya shule, katika mikutano ya wazazi, hata katika sebule za nyumba za mapadre, kuna sentensi moja ambayo husemwa kwa fahari na hakuna anayeikanusha: Tanzania haina ubaguzi. Ubaguzi, tunaambiwa, ulikuwa jambo la Afrika Kusini ya makaburu. Ni jambo la Marekani. Ni jambo la majirani wanaoshikana mashati kila uchaguzi unapokaribia. Sisi tunacho Kiswahili, tunao Mwenge wa Uhuru, tulikuwa na Mwalimu. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita hapa Mikumi anajifunza ubaguzi kama anavyojifunza theluji: kitu kilichoko mbali, kinachowapata wengine, na ambacho huenda kikaulizwa katika mtihani.

Juma hili naandika kuipinga sentensi hiyo. Naipinga kwa sababu tunaishi katika Wilaya ya Kilosa, na mtu wa Kilosa akiisema bila haya, ama ni mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye basi la Iringa, ama ameamua kutoona.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Asimame saa ya mapumziko kando ya uwanja wa shule yoyote yenye watoto wa wakulima na wa wafugaji, asikilize majina. Mtoto wa Kiparakuyo haitwi jina alilopewa na wazazi wake; anaitwa Mmasai, na linatamkwa kwa sauti ambayo asiyekijua Kiswahili angedhani ni jina la ugonjwa. Mtoto wa Kibarbaig anaitwa Mang'ati. Ni wachache wanaofahamu kwamba neno hilo tumelipata kutoka katika lugha ya Kimasai, na kwamba maana yake ni adui. Basi mwalimu anapomwambia mtoto wa miaka tisa, "Wewe Mang'ati, njoo ubaoni," anamwambia, "Wewe Adui, njoo ubaoni." Mwalimu huyo hana nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Neno limeshakuwa sehemu ya vifaa vya darasa kama chaki.

Baada ya majina hufuata maelezo: kwamba wananuka maziwa, kwamba hawaogi, kwamba Kiswahili chao ni cha walinzi wa usiku, kwamba baba zao wameyalisha mashamba ya watu. Hayo ya mashamba husemwa kwa sauti ya chini kidogo, maana yana uchungu wa nyumbani ndani yake.

Nisionekane nawapaka wafugaji mafuta. Wamasai nao wana neno lao, ormeek, ambalo humwita nalo Mswahili, mkulima, mtu asiye wao, na halisemwi kwa heshima. Yupo mzazi mfugaji anayemfundisha mwanawe kwamba kushika jembe ni kazi ya walioshindwa maisha. Dharau haina kabila moja. Lakini katika shule zetu nyingi mtoto wa mfugaji ni mmoja au wawili kati ya arobaini, na dharau ya arobaini kwa mmoja si sawa na dharau ya mmoja kwa arobaini.

Katika shule moja ambamo huwa naingia kwa kipindi cha dini, nilifungua daftari la mvulana mmoja nikakuta jina la pili limefutwa kwa kifutio hadi karatasi ikatoboka, na juu yake limeandikwa jina jingine, la kawaida, la pwani. Nilimwuliza limetoka wapi. Akajibu kwamba hilo ndilo wenzake wanaliweza. Mtoto huyo alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Baba yake aliniambia baadaye kwamba anafikiri kumwondoa shuleni akachunge, kwa kuwa mtoto anayelionea haya jina la babu yake amekwisha kupotea, hata akijua kugawanya na kuzidisha. Ninyi mnaolalamika kila mwaka kwamba wafugaji hawapeleki watoto shule, hebu mjibuni mzee huyo. Mimi sikuwa na jibu jepesi.

Sasa nawasikia wengine wakisema: Padre, hayo ni matani tu ya watoto. Wasukuma na Wangoni hawataniani? Wahehe na Wangoni je?

Nashukuru kwa swali hilo, maana ndipo kosa lote lilipo. Utani ni moja ya hazina kubwa za nchi hii, na si ruhusa ya kutukana. Wangoni walipigana na Wahehe, walipigana na Wanyamwezi, katika karne ya 19. Vita vilipokwisha wakabaki na utani, yaani waliokuwa maadui walikubaliana kwamba kuanzia sasa tutapigana kwa maneno, na kwa maneno tu. Hiyo ni hekima ambayo mabalozi wengi wa Umoja wa Mataifa wangeitamani. Lakini utani una masharti yake. Sharti la kwanza, ni wa pande mbili: ninayekutania leo, kesho unanitania, na sina haki ya kununa. Sharti la pili ni zito zaidi: mtani ana kazi msibani. Ndiye anayesimama wakati wafiwa hawana nguvu, anashughulika na kaburi, anachekesha pale ambapo hakuna anayethubutu kucheka, na akidai chake anapewa. Anayenitania ndiye atakayenizika.

Sasa nionyesheni huyo anayemwita mtoto wa Kibarbaig "Mang'ati" kwamba siku ya msiba wa Mbarbaig atakwenda kushika chepeo. Nionyesheni kwamba mtoto huyo naye anaweza kumrudishia neno mbele ya wenzake thelathini na tisa, na mwalimu akacheka vilevile. Hamwezi. Basi huo si utani. Ni tusi lililoazima kanzu ya utani ili lipite mlangoni, na walimu wetu, ambao wengi wao wamekulia katika utani wa kweli, walipaswa kuwa wa kwanza kuitambua kanzu hiyo kuwa si yake.

Kwa nini nashikilia jambo la majina kana kwamba hakuna matatizo makubwa zaidi, wakati madawati hayatoshi na vyoo vimejaa? Kwa sababu hapa Kilosa tunajua maneno yanakoishia. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Thelathini na wanane, katika kijiji kimoja. Mwaka 2008 damu ikamwagika tena katika wilaya hii hii, kule Mabwegere na Mambegwa. Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, na kila upande ukabaki na hesabu yake ya machozi. Sidai kwamba watu wale walikufa kwa sababu ya jina la utani. Walikufa kwa sababu ya ardhi, maji, mipaka isiyoeleweka na viongozi waliochelewa. Lakini mtu hamuui jirani yake kwa panga au kwa mkuki kabla hajamwondoa kwanza katika hesabu ya watu, na kazi hiyo ya kumwondoa haifanywi siku ile ya mapigano. Hufanywa polepole, miaka mingi kabla, kwa maneno madogo. Waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2000 leo ndio wazazi wa watoto walioko darasani. Wamewarithisha nini?

Yupo mpinzani mwingine, naye ninamheshimu zaidi, kwa sababu anasema kwa kuipenda nchi. Anasema: kuzungumza makabila darasani ni kuchochea ukabila, Mwalimu Nyerere aliuzika ukabila, wewe Padre unaufukua. Tangu sensa ya mwaka 1967 hatujaulizana kabila katika hesabu ya watu, na amani tumeipata kwa kunyamaza.

Huyu namjibu kwamba Mwalimu hakunyamaza. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, walisimama wabunge waliotaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Mwalimu hakusema tusiongelee rangi tusije tukachochea. Alisimama akawakabili watu wa chama chake mwenyewe kwa ukali ambao wengi hawakuwa wameuona, akawa tayari kujiuzulu yeye na serikali yake kuliko kuukubali ubaguzi huo. Mei Mosi ya mwaka 1995, kule Mbeya, akiwa mstaafu na mzee, aliwakejeli hadharani wanaotaka kujua kabila la mgombea. Mtu huyo aliusema ubaguzi kwa jina lake, mbele ya watu. Sisi tumechukua matunda ya kusema kwake tukayaita matunda ya kunyamaza.

Na Katiba yetu ya mwaka 1977 je? Ibara ya 13 inapoeleza maana ya kubagua, inalitaja kabila na mahali mtu alikotoka pamoja na rangi, dini na jinsia. Hailiweki kabila pembeni kama jambo dogo la nyumbani. Kwa mujibu wa sheria mama ya nchi, anayemdharau mtu kwa Ubarbaig wake yuko katika mstari mmoja na anayemdharau mtu kwa weusi wake. Wanafunzi wetu hukariri ibara kwa ajili ya mtihani wa Uraia, kisha hutoka nje wakaivunja kabla kengele haijanyamaza.

Naomba tuutazame mkoa wetu wenyewe. Vijana wa Soweto walipoandamana mwezi Juni 1976 kuikataa elimu ya kibaguzi, wakapigwa risasi na wengine wakakimbia nchi yao, Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge pale Mazimbu, Morogoro, mwaka 1977. Wakajenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye serikali ya makaburu ilimnyonga tarehe 6 Aprili 1979. Watoto waliofukuzwa na ubaguzi walipata dawati Morogoro. Makaburi ya wahamishwa wale yapo Mazimbu hadi leo, na eneo hilo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Na Sokoine ni nani? Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, aliyefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, alikuwa Mmasai wa Monduli. Hebu lipime jambo hilo. Wakulima wa nchi hii wanapotaka kumsomesha kijana wao elimu ya juu ya kilimo, humpeleka katika chuo chenye jina la mtoto wa wafugaji. Lakini katika mkoa uleule, mtoto wa Kimasai analifuta jina la babu yake daftarini. Ni watoto wangapi wa Mikumi wamewahi kuambiwa habari hizi mbili kwa pamoja, ile ya Mazimbu na hii ya Sokoine? Wanafundishwa kwamba Afrika Kusini kulikuwa na ubaguzi na kwamba sisi tuliwasaidia. Kisha ukurasa unafunuliwa.

Watajibu kwamba shule zinao mpango: kuna siku ya utamaduni. Nimehudhuria siku hizo, na siipingi ngoma, Mungu apishe mbali. Lakini kinachofanyika ni hiki: mgeni rasmi anakuja, watoto wa wafugaji wanavikwa lubega na shanga, wanaruka mbele yake, anapiga makofi, picha zinapigwa. Jumatatu wanarudi kuitwa majina yao ya siku zote. Mtoto aliyerushwa-rushwa kama mapambo amejifunza kwamba utamaduni wake unafaa kutazamwa na haufai kuishi. Tabia hii tumeizoea hapa kwetu katika barabara kuu, maana tunaishi kwenye lango la Hifadhi ya Mikumi. Mtalii akimpiga picha Mmasai tunajivuna naye, picha yake tunaitundika hotelini. Mtalii akiondoka, Mmasai yuleyule akiomba maji ya kunywa dukani anaambiwa asimame nje.

Shule ingefundisha nini basi? Ingeanza na lugha, mahali penye kicheko kikubwa kuliko vyote. Mtoto wa Kimasai huchekwa matamshi. Lakini Kisagara, Kividunda, Kikaguru na Kihehe ni ndugu wa damu wa Kiswahili, vyote vikiwa vya familia ya Kibantu. Mtoto wa Kihehe akihesabu kwao husema tatu kwa sauti inayokaribiana kabisa na tatu ya Kiswahili. Mtoto wa Kimasai kwao tatu ni okuni. Kimasai na Kibarbaig ni lugha za Kiniloti, za familia nyingine kabisa. Kwa hiyo wakati mwenzake anavuka mfereji kukifikia Kiswahili, yeye anavuka mto. Na akifika ng'ambo akiwa amelowa, tunamcheka. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kulifundisha kwa dakika ishirini, bila kitabu, bila bajeti. Tena atawaambia watoto kwamba nchi yao ina lugha za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi, na zile za Wasandawe na Wahadzabe zenye sauti za kugonga ulimi, utajiri ambao nchi nyingi za Afrika hazina.

Kisha ingefundisha historia ya hapa. Watoto wanamjua Mangungo wa Msovero, aliyewekeana mkataba na Carl Peters mwaka 1884, na wanamcheka kwa kudanganywa. Wengi hawajui kwamba Msovero iko katika wilaya yao. Wangeulizwa: nani amekuja Kilosa, na kwa nini? Wangeorodhesha misafara ya pembe na ya watumwa iliyopita hapa kwenda na kutoka bara. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliyoleta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuchukua eneo kubwa la ardhi. Wafugaji waliofukuzwa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 wakatafuta njia kuelekea kusini na mashariki. Kila mtoto angekwenda nyumbani kumwuliza bibi: sisi tulifikaje hapa? Nathubutu kusema kwamba darasani wangerudi wenyeji wachache sana. Mwenye kumwambia mwenzake "rudini kwenu" angegundua kwamba babu yake mwenyewe alishuka Kimamba na treni akiwa na mkeka mmoja.

Na wangelinganisha maisha, si ngoma peke yake. Kwa nini Waluguru, Wakaguru na Wavidunda huhesabu ukoo upande wa mama, na wafugaji upande wa baba? Mtoto anayechunga ng'ombe themanini anamtambuaje aliyepotea pasipo kuhesabu? Mkulima anajuaje kwa kuangalia mti kwamba mvua imekaribia? Mtoto anayemwuliza mwenzake maswali hayo kwa kutaka kujua hana tena nafasi ya kumwita Adui. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nafasi ipo. Lakini mwalimu akiligeuza kuwa orodha ya tarehe na mashujaa wa kukariri, tumekula hasara nyingine.

Najua atakayebaki na hasira baada ya kusoma haya yote. Ni mkulima ambaye aliamka akakuta mahindi yake yameliwa usiku mmoja, na aliyekwenda kushtaki akazungushwa hadi akachoka. Yeye ananiambia: Padre, wewe huna shamba. Kaka yangu, madai yako ni ya haki. Ng'ombe aliyekula mahindi ana mwenyewe, na mwenyewe alipe. Na kiongozi aliyekula pande zote mbili ashtakiwe. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uwepo, uwe na mipaka inayoonekana, usiwe karatasi ya ofisini. Hayo tuyadai pamoja, nami nitasimama nawe. Lakini deni la ng'ombe halilipwi na mtoto wa darasa la tatu. Ukimruhusu mwanao alidai kwake wakati wa mapumziko, utakuwa umemfundisha kwamba hasira ni njia ya kisheria, na siku moja ataitumia njia hiyo akiwa mtu mzima mwenye panga.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinasimulia ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wa Lutu, nchi ilipokuwa haiwatoshi. Abramu akatoa suluhisho: chagua upande, mimi nitakwenda upande mwingine. Suluhisho zuri, na katika Kilosa halipo tena. Upande wa kulia kuna Hifadhi, upande wa kushoto kuna shamba la mtu, mbele kuna kijiji, nyuma kuna mto ambao wote tunauhitaji. Hatuna pa kuachana. Watoto hawa watazeeka pamoja katika wilaya hii, wapende wasipende, na mahali pekee ambapo watakaa benchi moja kwa miaka mingi bila kugombea maji ni shuleni.

Kamati za shule hukutana kila muhula. Wazazi wasomaji wa ukurasa huu, mtakapokwenda, ombeni kuliona daftari la makosa ya wanafunzi. Mtamkuta aliyechelewa, mtamkuta aliyekuja bila sare, mtamkuta aliyefuga nywele, mtamkuta aliyeongea kilugha. Mtafuteni humo aliyeandikwa kwa kumtukana mwenzake kabila. Kisha mwulizeni mwalimu mkuu, kwa adabu lakini mbele ya wote, kwa nini hayumo.